Wiki Tuliyomnyamazia Dama

Hoteli inayofungwa ina harufu yake, na hata leo ukinifunga kitambaa machoni ukanipitisha mlango wa nyuma nitakwambia tuko mwezi gani. Kwanza inakupiga harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, vinavyomwagwa katikati ya magodoro yaliyorundikwa mpaka darini. Halafu rangi ya mafuta, mbichi, kwa sababu kila chuma lazima kipakwe kabla chumvi haijakila. Na chini ya hizo zote, kutoka ufuoni, mwani unaooza. Mwezi wa Aprili bahari ya Watamu huutapika marundo kwa marundo kama mtoto aliyelazimishwa uji. Wageni wanakuwa wameshakwenda kwao na migongo yao iliyobabuka. Bwawa la kuogelea linageuka kijani, na vyura wanahamia humo bila kuandikisha jina mapokezi. Mvua ikianza, makuti ya paa yanavuja pale pale yalipovuja mwaka jana, na askari wa lango anavua viatu, anajinyoosha kwenye benchi. Hapo ndipo hoteli ilipokuwa yetu sisi, watoto wa laini za wafanyakazi, na hapo ndipo ilipotokea wiki ninayotaka kuieleza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilidhani hakuna mtu duniani mjanja kuliko mimi.

Laini zenyewe zilikuwa vyumba kumi na viwili nyuma ya jiko, vimebanana migongo, ukipiga chafya chumba cha kwanza unaombewa afya chumba cha mwisho. Baba yangu alikuwa mpishi. Alitoka Ukambani akiwa kijana, na mpaka leo anaamini samaki ni chakula cha watu waliokosa mbuzi. Mama alikuwa na cherehani barazani, akishona sare za shule za nusu ya Watamu. Chumba cha pili kutoka chetu alikaa Mzee Kazungu, dobi wa hoteli, mtu wa Vitengeni, pamoja na mkewe na binti yao Dama. Dama na mimi tulikuwa dawati moja, darasa la saba, tukichangia kitabu kimoja cha hesabu na adhabu nyingi. Alikuwa mrefu, meno ya mbele yameachana, na alikuwa na kipaji ambacho mimi sijakipata hadi leo: mimi nikidanganya nacheka kabla sijamaliza, lakini Dama angeweza kukwambia nyumba yenu inaungua huku anamenya chungwa. Watu walisema mimi ndiye mchekeshaji wa laini. Ukweli ni kwamba nusu ya vichekesho vyangu vilikuwa vya Dama. Mimi nilikuwa na sauti kubwa tu.

Kufungwa kwa hoteli kulikuwa na upande mwingine, ambao sisi watoto tulijifanya hatuuoni. Kabla ya meneja kwenda likizo, orodha hubandikwa kwenye mlango wa kantini: majina ya watakaorudishwa kazini mwezi wa Julai. Aliyemo huenda kwao kulima mahindi na roho yake imetulia. Asiyemo huenda kwao, basi. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo lori la hoteli hubeba familia zinazoelekea Ganze na Vitengeni, pamoja na vitanda vyao na kuku wao. Sisi hatukuwa tukienda popote, maana kulikuwa na mafundi na walinzi wa kupikiwa. Sasa lazima mjue na jambo moja zaidi. Majina ya watahiniwa wa darasa la saba yalikuwa yameshapelekwa tangu mwanzo wa mwaka, na mtihani unaufanya pale jina lako lilipo. Mtoto wa darasa la saba akihamishwa mwezi wa Aprili, mtihani wake umebaki nyuma. Hilo halikuwa siri. Mwalimu mkuu alituimbia kila Jumatatu mpaka hata mbuzi waliokuwa wakilala chini ya bendera walilijua.

Mchezo tuliachiwa na dada yake Achieng, aliyekuja kutoka shule ya bweni akakaa siku tatu, akatuachia kama mtu anavyoacha mafua. Achieng alikuwa binti wa karani wa stoo, msichana mpole mwenye kuamini kila anachoambiwa. Wa nne wetu alikuwa Swaleh, mtoto wa askari wa lango, mzaliwa wa Watamu, ambaye hata akiomba maji aliyaomba kwa ufasaha. Mnakaa duara. Wa kwanza anataja herufi, wa pili anaongeza yake, wa tatu yake, na kila mmoja lazima awe na neno kichwani, kwa sababu akitiliwa shaka ataambiwa "Litaje!" na asipolitaja ameanguka. Lakini anayelimaliza neno naye ameanguka. Maneno mafupi tuliyakataa, la sivyo kila mchezo ungeishia kwenye mama na kaka. Basi mimi naanza na K, Dama anatia I, Swaleh T, Achieng A, mimi N, Dama kwa uso wa mtu aliyeko kanisani anatia D, na Swaleh anabaki kutazama paa. "Wallahi mwanionea," anasema. "Mie kitanda sikukitaka, nimeletewa." Kila ukianguka unapewa herufi moja ya neno mzimu, na ukizipata zote tano, umekufa.

Utamu wenyewe ulianzia hapo. Mzimu hachezi tena, lakini haondoki. Kazi yake ni kuwatembelea walio hai, popote walipo, na kuwasemesha. Aliye hai akimjibu, hata kwa "ee", hata kwa kutikisa kichwa, naye ni mzimu papo hapo. Anayebaki hai peke yake ndiye mshindi, na siku ya ushindi mizimu yote inafufuka. Kwa hiyo ukisemeshwa na mzimu unafunika mdomo wako kwa kiganja na kumtazama tu. Kile kiganja kilikuwa ngao yetu. Mchezo mmoja ungeweza kuchukua wiki nzima, watu wanafua, wanachota maji, wanatumwa dukani, huku mizimu inawafuata nyuma ikiwaambia kaptura imepasuka.

Mwanzoni kabisa tulimchezesha hata Muli, ndugu yangu wa miaka saba. Alikufa haraka, maana herufi alizojua vizuri zilikuwa za jina lake. Siku moja akaja anachechemea, anasema amekanyaga chupa. Tukafunika midomo. Akalia, tukafunika zaidi, tukisifu jinsi alivyojifunza kudanganya. Mama ndiye aliyeiona damu sakafuni. Alitoka barazani kandambili ikiwa mkononi na tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Nyinyi ni watoto au ni mawe?" alisema. "Kuanzia leo, mwenye shida ya kweli ataita mara tatu. Na hiyo ya tatu ataita kwa jina lote, la mtu mwenyewe, la baba na la babu. Ikishafika tatu mchezo umekufa, mnajibu. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama."

"Mama," akasema Swaleh, "na mwenye shida akiwa hana pumzi ya kufika tatu?"

"Wewe Swaleh, pumzi ya kuniuliza maswali umeitoa wapi?"

Tulicheka. Sheria ikapita. Tulikariri majina ya babu za wenzetu kama orodha ya mito: Mwende Mutiso Nzioka, ndiye mimi, Dama Kazungu Mwaringa, na la Swaleh ambalo lilikuwa refu mpaka tukamwomba apunguze mababu.

Wiki ya kufungwa tulianza mchezo mpya Jumatatu. Zawadi ilikuwa bati la biskuti ambalo baba alipewa stoo ilipokuwa ikifagiwa, bati zima, lenye picha ya gari la farasi kwenye kifuniko. Jumatano asubuhi orodha ikabandikwa. Wafanyakazi wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo sisi watoto ndio tuliotumwa mlangoni, na kwa kuwa Dama ndiye aliyesoma vizuri kutuzidi wote, akasomea umma. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini akitaja kila jina kwa sauti. Watu wakawa wanashusha pumzi mmoja mmoja. Alipofika mwisho, akarudi juu akaanza tena, polepole. Mzee Kazungu alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, ile harufu yake ya wanga na mkaa wa pasi ikimtangulia. Miaka kumi na miwili alikuwa amewafulia wageni mashuka. Nyuma ya dobini kulikuwa na masanduku mawili makubwa ya mbao yaliyoletwa wiki iliyopita, ndani yake mashine, na sote tuliwahi kupanda juu yake bila kuwaza ni za nini.

"Rudia, mwanangu," alisema.

"Nimesharudia, baba."

Hakusoma mara ya tatu. Alimshika baba yake mkono wa shati wakaenda zao, na mvua ikaanza kunyesha juu ya kantini, na mtu mmoja ambaye jina lake lilikuwemo akaanza kupiga mluzi, kisha akaacha.

Mtadhani tuliacha mchezo. Dama mwenyewe ndiye aliyetuita mchana. Alitukuta tumesimama kwenye varanda ya hoteli tukitazama vidole vyetu vya miguu. "Kwani kuna msiba?" alisema. "Kaeni." Tukakaa. Alikuwa na herufi mbili tu, na kwa kawaida ingehitaji mvua ya siku saba kumwua Dama, lakini mchana ule alianguka mara tatu mfululizo. Mara ya mwisho mimi nilitaja S, yeye A, Swaleh B, Achieng U, mimi nikatia N bila kumhurumia, na ikabaki I, na aliyebaki na hiyo I ni yeye. Sabuni. Nikapiga makofi. "Mtoto wa dobi kauawa na sabuni!" nilisema, na nikacheka mpaka nikashika mbavu. Swaleh na Achieng hawakucheka. Dama alicheka, lakini alichelewa kidogo, kama mtu aliyeambiwa kicheko kiko wapi akaenda kukichukua.

Akawa mzimu bora tuliyewahi kumpata. Alhamisi asubuhi alimwambia Achieng kwamba babake amerudi kutoka Malindi na baiskeli nyekundu yenye kengele mbili. "Wapi?" akasema Achieng, na huo ukawa mwisho wake. Nikabaki mimi na Swaleh. Jioni ile ile, jua halijazama, Dama alinikuta kwenye bomba nikijaza ndoo. Aliketi ukingoni, akatoa chungwa mfukoni, akaanza kulimenya.

"Mwende," alisema, "baba kaitwa ofisini. Jina lilisahaulika tu. Tutarudi Julai."

Ndoo ilinitoka. Nilifungua mdomo, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, ndipo nikaliona chungwa. Ganda lilikuwa linatoka refu, zuri, halikatiki, na mikono yake imetulia kama ya daktari. Nikafunika mdomo. Dama alinitazama, akatabasamu, akagawa chungwa vipande viwili, akaniachia kimoja juu ya ukingo, akaondoka. Ulikuwa uongo. Jina halikusahauliwa. Sikuila ile nusu. Nilikuwa na hasira, na leo ninaweza kusema hasira ile ilikuwa ya nini: kwa muda wa pumzi moja alinifanya nifurahi, kisha nikanyang'anywa, na nikaona huo si mchezo tena. Nikajiapia kwamba hanipati.

Ijumaa, baada ya mvua ya adhuhuri, alikuja tena pale pale kwenye bomba. Hakuwa na chungwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kwa sababu nguo nyingine zilikuwa zimeshafungwa kwenye shuka. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu.

"Mwende, niulizie kwa mama kama naweza kukaa kwenu mpaka mtihani. Nitalala chini na Muli. Nitafua, nitachota maji. Baba yangu amekubali, mama yako akikubali."

Nikafunika mdomo kwa kiganja. Moyoni nilikuwa nampigia makofi. Jana alitumia uongo, nikawaza, leo ameokota kitu kinachofanana na kweli, na hata gauni amebadilisha! Nilitazama nyuma ya tangi la maji kama Swaleh amejificha kuwa shahidi, kwa sababu siku mbili kabla alijificha pale pale. Sikumwona, lakini kutomwona Swaleh hakukumaanisha kwamba hayupo.

Dama alingoja. Maji yalijaa ndoo yakaanza kumwagika, na hakuna aliyefunga bomba.

"Mwende," alisema tena, na sauti ilikuwa imeshuka, "nakuomba, niulizie."

Hiyo ilikuwa ya pili. Nikakaa tayari kwa ya tatu. Naapa nilikuwa tayari. Nilijiambia, akiita Mwende Mutiso Nzioka, nitatupa ndoo na bati la biskuti na ushindi, nitakwenda mbio kwa mama. Alijua sheria, alikuwepo ilipotungwa. Nikamtazama juu ya kiganja changu, na yeye akanitazama, na tulikaa hivyo muda ambao sijui kuupima. Kisha akainama akafunga bomba. Akajifuta mkono kwenye gauni na kwenda zake kwa njia ya dobini, akiruka madimbwi, gauni kalishika juu kwa vidole viwili. Hakuita ya tatu. Kwa hiyo, nikajiambia, ulikuwa mtego. Na nikapaza sauti kumtafuta Swaleh nimweleze jinsi nilivyoponea chupuchupu.

Jioni ile Swaleh alimjibu Achieng kwa bahati mbaya, alipoulizwa nani kamwagia mchuzi shati lake, naye kwa ufasaha wake wote akasema, "Ni mie mwenyewe." Nikawa mshindi. Asubuhi ya Jumamosi nilifungua bati, nikapanga biskuti nne nne kwenye karatasi, nikakimbilia langoni. Lori lilikuwa limeshapakiwa. Dama alikuwa juu kabisa, amekalia godoro, miguu ikining'inia kati ya meza na jiko la mkaa. Mzee Kazungu alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, ameshika pasi yake mapajani kama mtoto mchanga.

"Dama!" nilipiga kelele. "Mchezo umeisha! Umefufuka! Shika!"

Nikanyoosha karatasi ya biskuti. Yeye hakunyoosha mkono. Alinitazama kutoka kule juu, wala si kwa chuki, bora ingekuwa chuki. Akainua kiganja, akafunika mdomo wake. Wengine wote walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ulikuwa mzaha mzuri kweli, ningependa uwe wangu. Lori likaondoka. Nikala zile biskuti nne nikirudi nyumbani.

Nilimsimulia mama kama kichekesho. Alikuwa kwenye cherehani, anashona kola, nami nimeegemea nguzo ya baraza nikiigiza sauti zote. Nilimwigiza Dama na mikono yake nyuma. Nilipofika pale pa kulala chini na Muli, miguu ya mama ilisimama kwenye kanyagio. Sindano ikabaki ndani ya kitambaa.

"Alikuomba hivyo?"

"Mara mbili tu, mama. Hakuita ya tatu. Kwa hiyo..."

"Na wewe ulimwambiaje?"

Kiganja changu kilianza kupanda chenyewe kuelekea mdomoni, nikakiona, nikakishusha. Mama hakuchukua kandambili. Nilitamani aichukue. Alitazama barabara, tope lenye alama za magurudumu, halafu akasema polepole, kwa ile sauti anayoisemea mambo ya msibani, "Ningemchukua. Mama yake alinidokezea pale bombani, nikafikiri watakuja wenyewe. Ningemchukua, Mwende." Kisha akarudi kwenye kola. Alishona mpaka jioni bila kuimba, na mama yangu bila kuimba ni sawa na redio isiyo na betri.

Aliniandikisha barua. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, maana mwandiko wa mama huenda ukitafuta njia, na tukampa dereva wa lori aipeleke safari yake nyingine. Tulisema Dama arudi, chumba kipo, mtihani bado. Wakati nalamba bahasha ndipo nilipowaza kwamba kwao hakuna mwingine asomaye. Barua ile angeisoma yeye, kwa sauti, mbele ya wazazi wake, mwandiko wangu anaujua kama wake. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, karatasi ya daftari la mistari, mwandiko wa Dama uliosimama wima: "Tumeipata. Tunashukuru sana. Mambo yameshapangwa huku." Kulikuwa na salamu kwa mama, kwa baba, na kwa Muli na mguu wake. Nilisoma karatasi ile mbele na nyuma. Mwezi wa Novemba, kwenye chumba cha mtihani, dawati mbele yangu lilikuwa na kadi yenye nambari na jina lake, na halikukaliwa. Msimamizi aliuliza kwa sauti kama yupo. Akauliza tena. Kisha akaandika kitu, na akasema tunaweza kuanza.

Sasa niko kidato cha tatu, shule ya bweni huku milimani Kaloleni, ambako asubuhi kunanukia tembo la mnazi kutoka mashambani na uji ulioungua kutoka jikoni kwetu. Bado mimi ni yule yule. Nimeshaadhibiwa mara tatu muhula huu, moja ikiwa ni ya haki. Bwenini wananiomba niwafundishe michezo, na Jumapili moja ya mvua niliwafundisha ule, lakini nilibadilisha kanuni: mzimu akikusemesha, unamjibu, papo hapo, mara ya kwanza. Walicheza mara moja wakachoka. "Sasa utamu uko wapi?" waliniuliza. Nikawaambia utamu hakuna. Msichana wa kitanda kilicho chini ya changu anatoka upande wa Ganze, na siku hiyo nilimsimulia habari yote, nikamwuliza kile kilichonikera miaka yote hii, kwa nini Dama hakuita mara ya tatu hali sheria aliijua. Alinishangaa. "Kwetu nyumbani mtu haombi mara tatu," alisema. "Bibi zetu walitufunza hivyo. Mara ya kwanza labda hukusikika. Ya pili umesikika. Ukiongeza ya tatu unamshika mtu shingo." Alisema hivyo akijisuka nywele, kama anaeleza jinsi ya kupika wali. Mimi sikushuka kitandani siku ile mpaka kengele ya chakula.

Muhula uliopita kwaya yetu ilikwenda kuimba upande ule, na lori la shule likachemka, tukasimama Vitengeni kutafuta maji ya rejeta. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinu cha kusaga, kinaunguruma, na wanawake wamepanga foleni na madebe ya mahindi. Wa nne alikuwa mrefu. Alikuwa na leso kifuani na mtoto mgongoni, na kwa namna alivyosimama, mikono nyuma ikimshikilia mtoto, nilimjua kabla hajageuka. "Dama!" niliita. Kinu kilimeza sauti. Nikapanda juu ya benchi la lori. "Dama Kazungu!" Akageuka. Alinitafuta kati ya wasichana arobaini wenye sketi za kijani, akanipata. Hatukusogea. Halafu mkono mmoja ukatoka nyuma ya mtoto, polepole, ukapanda, kiganja kikafunika mdomo. Macho yake yalikuwa hivi, kama ya mtu anayezuia kicheko, au kama ya mtu ambaye unga umemwingia. Kwa umbali ule sikuweza kujua, na nimejaribu tangu siku ile. Wenzangu walicheka. "Ni nani huyo? Mwite tena!" walisema, na mwalimu akasema tukae, dereva anawasha gari.

Nilikuwa na pumzi ya kutosha. Jina lote nilikuwa nalo, la kwake, la baba na la babu. Lakini nilielewa wakati ule kitu ambacho sikukielewa kwenye bomba: ukishaita ya tatu na mtu asikujibu, hakuna tena mchezo wa kusingizia. Basi nilikaa. Tulipofika kwenye kona nilitazama nyuma, foleni ilikuwa imesogea, naye alikuwa anainamisha debe. Hoteli ya Watamu siku hizi ina mashine nne za kufulia, mama amenunua cherehani ya umeme, na Muli anajua herufi zote. Mimi nabaki na ya tatu. Dama Kazungu Mwaringa. Kuandika hakuhesabiki, lazima litoke mdomoni.